Binti yangu hana rafiki bwenini, baba yake anasema ni afadhali

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naandika kutoka Ifakara. Binti yetu wa kwanza ana miaka 14, na mwaka huu alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni mkoani Njombe. Shule ya msingi alikuwa hatoki kwenye tano bora. Amerudi likizo hii ya Juni amepungua mwili, kashika namba ya 61 kati ya 84, na neno lake ni moja tu: "Mama, mimi kule sina rafiki." Anakula peke yake, anafua peke yake. Baba yake kasikia, akasema ni afadhali, samaki mmoja akioza wote huoza, na yeye kaenda kusoma, hakwenda kutafuta marafiki. Mimi roho inaniuma, nataka tumrudishe asome kutwa hapa nyumbani. Naomba utuambie: hivi marafiki shuleni wana umuhimu gani hasa, na kati yangu na mume wangu nani kakosea?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nimefundisha sekondari miaka 27, na 15 kati ya hiyo nilikuwa mwalimu wa malezi kwenye shule za bweni za wasichana. Kwa hiyo nasoma barua yako huku namwona mwanao kabisa: njuka, mgeni wa kidato cha kwanza, aliyetoka kwenye joto la Ifakara, kavaa masweta mawili, kasimama mwisho wa foleni ya chakula, sahani kaikumbatia kifuani kama daftari. Nitakujibu kwa urefu, na kuna sehemu nitaomba umsomee mumeo, maana hofu yake siyo ya kupuuza.

Kwa ufupi nasema hivi: msimhamishe kwanza. Ile namba ya 61 na ule upweke, kwa uzoefu wangu, vina mzizi mmoja. Mumeo ameona hatari ya kweli, ila dawa aliyoichagua ndiyo inayoukaribisha ugonjwa anaouogopa. Nitaeleza kwa nini. Lakini kabla ya hapo kuna jambo moja lazima mlijue wiki hii, mtoto akiwa bado mbele yenu.

Lazima mjue kama mwanao hana rafiki, au anaonewa. Kwa mtoto wa miaka 14 maneno ni yaleyale: "sina rafiki". Nyuma yake kunaweza kuwa na upweke wa kawaida wa mgeni, au kunaweza kuwa na dada wa kidato cha tatu anayemtuma maji kila usiku, sabuni inayoibwa kila Jumamosi, jina la kejeli analoitwa bweni zima. Ukimuuliza moja kwa moja, "Kuna mtu anakusumbua?", atasema hapana. Wengi husema hapana, kwa sababu wameshatishwa au kwa sababu wanaona aibu.

Mimi nilikuwa siulizi kuhusu watu. Nilikuwa naomba nisimuliwe siku. Mkiwa mnachambua mchele, wewe na yeye, macho yenu kwenye ungo, mwambie: hebu nihadithie Jumanne yako tangu kengele ya kuamka. Nani alikuamsha? Maji ya kuoga uliyapata wapi? Kwenye foleni ya chakula mbele yako alikuwa nani? Kitanda cha juu yako analala nani, naye anapenda nini? Taa zikizimwa, ni nini kinafuata? Usimkatize wala usishtuke. Mtoto mpweke atakuhadithia siku yenye watu wengi wasio na majina. Mtoto anayeonewa atakuhadithia siku yenye mashimo: ataruka bafuni, au ataruka usiku, au utaona kuna jina moja kila akilifikia sauti inashuka. Angalia na tranka lake. Alikwenda na kandambili, mashuka mawili, ndoo na kufuli, vipi vimerudi? Angalia pia kama tumbo linamuuma kila mnapotaja tarehe ya kufungua shule.

Ukikuta uonevu, niliyoandika huko chini yote yaweke kando. Panda basi mwenyewe, nenda ukamwone matroni, mwalimu wa malezi na mkuu wa shule, ueleze kwa utulivu na majina, na usiondoke mpaka uambiwe nani atafanya nini na lini. Hapo hakuna suala la mtoto kujifunza kuvumilia.

Sasa tuseme umesikiliza na umeridhika kwamba ni upweke. Unauliza rafiki ana umuhimu gani hasa.

Nikuanzie darasani, kwa sababu huko ndiko baba anakoangalia. Mwanao kasoma miaka saba kwa Kiswahili. Alikuwa anajua usanisinuru ni nini, anajua mmeng'enyo wa chakula, anajua kipenyo na nusu kipenyo. Januari akaingia chumba ambacho vitu vyote hivyo vimebadilishwa majina kwa siku moja. Shule hutoa wiki chache za kozi ya awali ya Kiingereza, kisha masomo yanaanza na hayamsubiri mtu. Mwalimu anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia ndiyo. Mtoto wako naye anaitikia ndiyo. Ule uongo mdogo hausemwi kwa ukaidi. Ni woga wa kuwa peke yake mwenye mkono juu mbele ya watu 83 asiowajua.

Sasa jioni wako prepo, kipindi cha kujisomea. Mwenye rafiki anamsogelea, ananong'ona: "Lile neno la mwalimu wa baiolojia, ndiyo usanisinuru?" Mwenzake anasema, "Ndiyo, lile la majani na mwanga." Basi. Imechukua sekunde tano, na somo zima la siku ile limefunguka. Asiye na rafiki anabaki na neno lake. Kesho linaongezeka la pili. Wiki ya tatu ana daftari alilonakili vizuri kabisa, mwandiko mzuri, na ndani yake hakuna kitu anachokijua. Nimeona madaftari ya hivyo mengi mno, tena ya watoto waliotoka kwenye tano bora. Na yule aliyeulizwa naye kafaidika, kwa sababu kulieleza jambo kwa Kiswahili chake mwenyewe ndiko kulielewa mara ya pili. Diskasheni za kidato cha nne zinazosifiwa sana kabla ya mtihani wa taifa, mbegu yake ni ule mnong'ono wa kidato cha kwanza.

Kwenye shule nyingi kuna pia ile sheria ya kutoongea Kiswahili, monita anaandika majina. Nia yake naielewa. Lakini kwa njuka ambaye Kiingereza bado hakijamkaa, sheria hiyo maana yake ni kwamba mchana kutwa hana lugha ya kuombea rafiki. Na usiku, kwa mwanao, huenda nusu ya bweni wanaongea Kibena baada ya taa kuzimwa, yeye kalala anasikiliza vicheko asivyojua vimetoka wapi. Hakuna aliyemkosea. Ila usiku kumi wa namna hiyo ni mzigo.

Mzigo huo unaingia mpaka mwilini. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanyika Montreal, Kanada, kwa wanafunzi wa darasa la tano na la sita. Kwa siku nne watoto waliandika, mara kadhaa kwa siku, ni jambo gani limetoka kuwapata na walikuwa na nani, halafu mate yao yakapimwa kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa ukibanwa na msongo. Mtoto aliyepatwa na jambo baya akiwa hana rafiki yake wa karibu, kotisoli ilipanda na akajiona hana thamani. Rafiki akiwapo palepale, jambo lilelile baya halikumtikisa kiasi hicho. Rafiki hakuhitaji kufanya lolote la ajabu. Alikuwapo tu. Unaposema mwanao amepungua, mimi sidhani ni makande peke yake.

Sasa naomba umwite mumeo, au umsomee.

Shemeji, sikulaumu. Unachokiogopa kipo. Mwaka 2005 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walitoa matokeo ya jaribio la mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 wakicheza peke yao, walikuwa na tahadhari isiyopishana sana na ya watu wazima. Wakiwekewa wenzao wawili pembeni, walithubutu mambo ya hatari karibu maradufu. Watu wazima hawakubadilika. Kwa hiyo mtu akikwambia eti kundi halimbadilishi kijana, mkatalie. Nimekaa kwenye vikao vya nidhamu kwa miaka. Karibu kila kosa kubwa lililoletwa mezani lilikuwa na majina matatu au manne, nadra kuwa moja.

Lakini sikiliza nilichokiona kwenye majina hayo. Mara kwa mara mmoja wao alikuwa mtoto ambaye hakuna mwalimu aliyemtarajia. Nikupe mmoja. Alikuwa binti wa kidato cha pili, mtaratibu, mwaka mzima alikuwa anakaa peke yake kwenye kimbweta cha mwisho karibu na bustani. Siku moja mlinzi akawakamata wasichana wanne nyuma ya ukuta wakitoka kununua chipsi usiku, naye yumo. Hakula hata chipsi zenyewe. Kazi yake ilikuwa kushika viatu vya wenzake wakiruka. Nilipobaki naye peke yetu ofisini nikamuuliza, kwa nini hukukataa? Akaniangalia kama vile nimeuliza jambo lisilo na jibu, akasema: "Mwalimu, ningekataa, ningebaki na nani?"

Alisimamishwa masomo wiki mbili. Mimi sentensi ile nimekaa nayo mpaka leo.

Hiyo ndiyo sababu nasema dawa yako inaukaribisha ugonjwa, shemeji. Mtoto asiye na rafiki hachagui, huchaguliwa. Kundi la kwanza litakalomfungulia mlango ataingia, na atalipa bei yoyote watakayoitaja, kwa kuwa hana pa kurudi. Mwenye rafiki mmoja anaweza kusema "mimi siendi", maana anajua usiku huu kuna mtu wa kukaa naye. Miaka ya 1950 Solomon Asch, naye wa Marekani, aliwakalisha wanafunzi wa chuo mezani na kuwauliza swali rahisi mno: mstari upi kati ya hii mitatu unalingana na huu? Wote walikuwa wamepangwa waseme jibu la uongo, isipokuwa mmoja asiyejua lolote. Yule mmoja, kwa macho yake mazima, alifuata uongo wa wenzake karibu mara moja katika kila tatu. Kisha Asch akamwekea mezani mtu mmoja tu anayesema kweli. Kufuata mkumbo kukashuka hadi karibu robo ya kulivyokuwa. Meza ile ilikuwa bado imejaa waongo. Kilichoongezeka ni mwenzake mmoja.

Basi methali yako ya samaki ni ya kweli kwa samaki waliokwisha kuwa kapuni. Swali lako wewe mzazi ni kapu gani binti ataingia, na uwezo wa kulikataa kapu baya anaupata kwa rafiki mwema, haupati kwa kutokuwa na rafiki.

Na kuna jambo jingine, naomba ulipokee bila kukasirika. Ulipomwambia amekwenda kusoma na siyo kutafuta marafiki, ulimfungia mlango. Sasa hata akimpata rafiki hatakwambia, na hata rafiki huyo akianza kumpeleka pabaya hatakwambia vilevile. Wewe mwenyewe ukipata msiba leo, simu ya kwanza unampigia nani? Sitashangaa kama ni mtu mliyekaa naye dawati moja. Mwalimu Nyerere na Andrew Tibandebage walikuwa pamoja Makerere miaka ya 1940, wakashirikiana kuanzisha chama cha wanafunzi wa Tanganyika huko, kisha wakafundisha pamoja St. Mary's, Tabora. Sidhani kuna aliyewahi kuwaambia walikuwa wanapoteza muda. Mhadithie mwanao kuhusu mwenzako wa shule. Mwambie mlikutana vipi, mligombana nini, nani alimwazima mwenzake kaptula. Hadithi hiyo moja itafanya kazi kuliko maonyo kumi.

Narudi kwako, mdogo wangu.

Usiwaze marafiki wengi. Kiswahili chetu kina akili katika hili: tuna rafiki, tuna sahibu, tuna msiri, tuna mwandani, yule aliye ndani hasa. Hakuna anayetarajia mtu awe na wandani wanane. Mwanao anahitaji mmoja wa kukaa naye wakati wa chakula, na huyo akipatikana wa pili na wa tatu huja kwa mlango wake. Akiwa anatoka mkoa mwingine ni vizuri zaidi. Mimi nimeijua Kigoma kwanza kupitia rafiki yangu wa kidato cha tano, kabla sijakanyaga huko.

Anapatikanaje? Hapa wazazi wengi hukosea kwa mapenzi. Wanajaza tranka. Karanga, biskuti, ubuyu, maziwa ya unga, na maneno: "Wagawie wenzako, watakupenda." Watamzunguka, ni kweli, kwa siku sita. Nilikuwa nawaita marafiki wa tranka. Siku karanga zikiisha, mtoto anaona kwa macho yake thamani aliyopewa, na anarudi chini kuliko alipokuwa. Mpe vya kumtosha, na kidogo cha kumpa mtu mmoja akitaka mwenyewe.

Urafiki unakula saa. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 utafiti wa watu wazima waliohamia mahali papya na wanafunzi wapya wa chuo. Alikadiria kwamba inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 hadi urafiki wa ndani. Na akaona saa za kuwa tu darasani au kazini pamoja hazihesabiki sana. Zinazojenga ni zile za mazungumzo na mapumziko. Watoto wana mwendo wao, wengine wanashikana kwa siku moja, lakini hesabu hii inanisaidia kueleza fumbo la bweni: inakuwaje mtoto alale chumba kimoja na wasichana 40 kwa miezi mitano na asipate rafiki? Ni kwa sababu vipindi ni kimya, prepo ni kimya, chakula kinaliwa mbiombio, na ile saa moja na nusu ya kupumua anaitawanya kwa watu tofauti kila siku, au anaimaliza kitandani.

Kwa hiyo mtafutie saa moja yenye watu walewale. Kwaya, netiboli, skauti, klabu ya mdahalo, kikundi cha bustani, chochote kinachokutana mara kwa mara na kina watu wachache. Kaa naye achague kimoja kabla Julai haijafika, na akishindwa kuchagua mchagulie. Mtoto mkimya nisingempeleka kwenye mdahalo. Ningempeleka kwenye kazi ya mikono, ambako mtu anaweza kunyamaza nusu saa bila kuonekana wa ajabu. Saa moja kwa siku na mtu yuleyule kuanzia mwanzoni mwa Julai, kufikia likizo fupi ya Septemba zile 50 zimeshapita.

Nilikuwa na wasichana wawili, mmoja wa Kigoma na mmoja wa Mtwara, wote wageni, wote wakimya, niliwapangia zamu moja ya kuchota maji ya jikoni. Ndoo ya lita 20, wanapitisha mti kwenye mshikio, mmoja mbele mwingine nyuma, kutoka bombani hadi jikoni, safari nane. Wiki ya kwanza sikusikia neno. Wiki ya tatu nikasikia wimbo. Siku moja yule wa Kigoma alikuwa ametoka kuumwa malaria, nikasimama dirishani kuangalia kama ataweza. Nikaona yule wa Mtwara, kila baada ya hatua chache, anaivuta ndoo taratibu kwenye mti ije upande wake. Mwenzake yuko mbele, haoni, anajua tu kwamba leo ndoo ni nyepesi. Nikarudi mezani nikaandika kwenye daftari langu la malezi: hawa wawili nisiwaguse tena.

Kitu kingine kidogo: mpe ujuzi wa kufaa bwenini. Mfundishe kushona kifungo na kurudishia pindo la sketi, umwekee sindano mbili na uzi wa rangi ya sare yao. Kifungo hukatika kila siku, na mwenye sindano hufuatwa kitandani. Tofauti na karanga, sindano haimalizwi, na wakati inafanya kazi watu wawili wamekaa wanaongea.

Akikupigia kwa simu ya matroni Jumapili, usianze na "bado hujapata rafiki?" Swali hilo linamfanya ahisi ameshindwa mtihani mwingine. Na wewe usilie kwenye simu. Lia ukishakata.

Watagombana, nakuambia mapema. Rafiki wa kwanza wa bwenini mara nyingi hagombani mara moja tu. Usiwe hakimu wa ugomvi uliousikia upande mmoja kutoka umbali wa basi la kutwa.

Sasa hilo la kumhamisha. Shule ya kutwa si mbaya, na mtoto kulala kwao ni neema. Ila mkimhamisha sasa, saa zote anazianza upya kwenye darasa ambalo wenzake wameshajuana tangu Januari, na atakuja na imani kwamba yeye ni mtu asiyependeka, ambaye dawa yake ni kuondoka. Mpeni mpaka Septemba. Mpigie mwalimu wa malezi wa shule kabla hamjamrudisha, umwambie maneno matatu tu: mwanangu ni mpweke, anapenda kitu fulani, naomba apangiwe zamu na mtu mpole. Kwa mwalimu hiyo ni kazi ya dakika mbili, na wengi wetu tunashukuru mzazi akituambia, maana mtoto mkimya asiyevunja sheria ndiye tunayemkosa kumwona. Septemba ikifika hali ni ileile, hataki kula, hataki kurudi, au shule imeambiwa na haikufanya kitu, hapo mrudisheni nyumbani bila aibu na bila kumlaumu. Nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono.

Uliuliza nani kakosea. Wewe umesikia maumivu, yeye amesikia hatari, na mtoto ana vyote viwili. Hakuna haja ya mmoja wenu kushinda.

Siku atakayorudi likizo ya Septemba, ripoti iache kwenye begi mpaka ashibe. Mpakulie wali wake wa Ifakara, halafu muulize kitanda cha juu yake analala nani. Akijibu kwa jina, na baada ya jina akaongeza jambo la pili ambalo hukumuuliza, niandikie unijulishe.